Kona ya Malenga: Kabla kifafa hakijaangusha

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 19 na nina kifafa. Kabla sijaanguka kuna kitu hunipanda kutoka tumboni, nasikia harufu ya mpira unaoungua, kisha nashindwa hata kutaja jina langu. Nataka kuandika shairi fupi juu ya hali hiyo. Nilianza hivi: "Ewe jini wanijia, roho yangu yatetema." Rafiki yangu anasema halimgusi. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Marahaba. Mizani hukukosea: ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, una silabi 8, na utao, nusu ya pili, una 8. Kosa ni jini. Barua yako ina harufu ya mpira, ila ulipofika kwenye shairi umeificha, ukaweka neno ambalo kila mtu analo tayari. Tena neno hilo lina madhara. Wapo wanaozungushwa kwa waganga mwaka hadi mwaka ilhali kifafa kina dawa hospitali. Liache kabisa.

Hali hiyo madaktari huiita aura, neno la Kigiriki lenye maana ya upepo mwanana. Galen, tabibu wa karne ya 2, aliandika habari za kijana aliyesema anahisi kama upepo baridi ukimpanda mwilini. Watu huidhani dalili tu, kumbe ni kifafa chenyewe kimeshaanza, katika sehemu ndogo ya ubongo. Harufu isiyokuwepo na kitu kinachopanda tumboni mara nyingi hutoka sehemu ya pembeni ya ubongo, usawa wa sikio. Anayeona miviringo ya rangi, chanzo huwa zaidi kisogoni. Na kwa kuwa kwa mtu mmoja chanzo kwa kawaida ni kilekile, mambo hurudi kwa mfuatano uleule. Basi shairi nalo lifuate mfuatano huo: tumbo, pua, ulimi. Ukianza na ulimi kwa kutafuta kina, umedanganya.

Chukua daftari. Usiandike hali ikikujia. Wakati huo kaa chini, ondoka karibu na jiko, ngazi au maji, mwambie aliye karibu. Andika baada ya kulala na akili kutulia. Jaza mambo manne: kilianzia wapi, kilielekea wapi, kilidumu kiasi gani (kwa wengi ni sekunde chache hadi dakika 2), na kitu cha mwisho unachokikumbuka. Hicho cha mwisho ndicho mpaka wa shairi. Povu, kutupa miguu, watu kukusanyika, hayo umesimuliwa na waliokuona. Ukiyaingiza, sauti inageuka kuwa ya jirani.

Kwa umbo, tunakushauri msuko, yaani shairi ambalo mshororo wake wa mwisho ni mfupi kuliko mingine. Umbo hilo lina ufupisho unaouhitaji. Tumetumia maelezo yako kuonyesha:

*Chaanzia kitovuni, taratibu kikipanda,*
*Mpira wanuka ndani, harufu nzito yaganda,*
*Najishika ukutani, jina langu lanishinda,*
*Kisha sipo.*

Vina vya kati ni -ni, vya mwisho -nda. Mishororo mitatu ina mizani 16 kila mmoja. Kituo, yaani mshororo wa mwisho, kina 4 tu, nacho hakina kina. Misuko mingi huweka 8 kwenye kituo, na tulijaribu "Kisha giza lanifunga". Mizani 8 inatimia, lakini nani ameliona hilo giza? Asiyekuwepo haoni kitu. Tukarudi kwenye 4. Pia tumesema "chaanzia" bila kutaja ni nini, maana wewe mwenyewe umeandika "kuna kitu". Usikipe jina ambalo mwili haujakipa.

Ubeti mmoja unatosha. Usome kwa sauti, pole pole, usimame ghafla kwenye "sipo". Ukiongeza wa pili wa kumshukuru daktari, msomaji atapumua mapema mno.

Na tafadhali, usiruke dozi hata moja ili upate cha kuandika. Dawa ikikatizwa ghafla inaweza kuleta degedege lisilokoma, na likipita dakika 5 ni la kukimbizwa hospitali.

SWALI: Mwanangu wa miaka 6 hunikimbilia ameshika tumbo akisema, "Mama, tumbo linanicheka," kisha macho yanaganda. Naweza kumwandikia shairi?
*Mama, Mombasa*

JIBU: Mama, ameshakuandikia yeye. Maneno hayo yana mizani 9. Ukisema "Mama, tumbo lanicheka" zinabaki 8, na una kipande kamili cha utenzi. Usibadilishe "lanicheka" kuwa "laniuma", hakusema linauma. Vipande vitatu vinavyofuata viwe vyako, kwa sababu wewe ndiye unayebaki na kuona: mkono wake ulivyokushika kanga, macho yalipoganda, ulivyohesabu. Ukitumia utenzi, vipande vitatu vya kwanza vifanane kina, cha nne kibebe kina kitakachorudi mwisho wa kila ubeti.

Sentensi yake iandike pia kwenye karatasi ya kliniki, na tarehe, neno kwa neno. Daktari akisoma "anaumwa tumbo" anaweza kutafuta minyoo. Akisoma "tumbo linanicheka, kisha macho yanaganda", ataanza kuuliza maswali mengine.