Kompyuta ya kwanza ya gemu: pesa iende wapi?

SWALI: Assalaam alaykum. Nataka kuunda mwenyewe kompyuta ya gemu, lakini pesa zangu si nyingi. Nianze na kipi? – Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Anza na kadi ya michoro. Itengee hata theluthi ya bajeti, maana ndiyo inayochora kila unachokiona. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600 juu ya madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) ya B550 inatosha sana. Ukiuziwa B450 ya zamani, uliza kwanza kama BIOS yake (programu ya ndani inayoiwasha) imesasishwa, la sivyo haitaitambua prosesa hiyo. Rami (kumbukumbu ya muda) chukua vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, vifanye kazi sambamba. Kwa kawaida huchomekwa tundu la 2 na la 4, ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Pawasaplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, usiibanie, tafadhali. Ya bei chee ikiungua umeme unaporudi ghafla, huweza kuondoka na madabodi. Kwa kadi ya kiwango cha kati wati 550 zinatosha, na uweke UPS (betri ya akiba umeme ukikatika).

Ile prosesa ya Ryzen 5 5600 haina uwezo wa michoro ndani yake. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi. Ukiuchomeka kwenye madabodi, skrini itabaki nyeusi, nawe utadhani umeharibu kitu.