Suruali Inalowa Ukishafunga Zipu

SWALI: Habari za kazi, madaktari. Nina miaka 66, nakaa Sakina, Arusha. Nikimaliza haja ndogo nakung'uta vizuri, nafunga zipu, lakini nikipiga hatua mbili tatu tu suruali inalowa. Ajabu ni kwamba nikikohoa, au hata nikinyanyua debe la mahindi, halitoki tone. Suruali ya kaki nimeiacha, hata kanisani siivai. Wenzangu wananiambia ni uzee, nivumilie. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo mzee. Uzee umo, ila hili si la kuvumilia, na umefanya vizuri kutaja kikohozi, maana hapo ndipo jibu lilipo.

Mwanamume ana milango miwili ya kuzuia mkojo. Wa juu uko pale kibofu kinapokutana na tezi dume. Huo hujifunga wenyewe, haupokei amri yako. Wa chini uko chini ya tezi dume, na ndio unaoubana ukiwa kwenye kifodi, mkojo umekushika na kituo bado. Umri ukisogea, nyuzi za mlango huu wa chini hupungua, nafasi yake ikashikwa na mafuta na tishu ngumu, na mishipa ya fahamu inayouamrisha huwa mizito. Ukilegea hasa, mkojo huchoropoka mtu akikohoa, akicheka au akinyanyua mzigo. Kwa wanaume tunaliona hilo zaidi kwa waliopasuliwa tezi dume. Wewe debe zima unanyanyua na unabaki mkavu, kwa hiyo milango yako inafunga.

Kilicholegea ni msuli mwingine, ule unaouzunguka mrija wa mkojo kwenye msamba, nyuma ya korodani. Kazi yake ni kusukuma mabaki. Mrija ukishapita mlango wa chini hupinda kuelekea mbele, na kwenye kona hiyo umepanuka kidogo. Ni kama mpira wa kumwagilia mboga: bomba umeshafunga, lakini maji yaliyotuama pale mpira ulipolala hutoka ukiunyanyua. Ndiyo maana kukung'uta hakukusaidii. Unakung'uta mbele, mabaki yako nyuma.

Basi ukimaliza, subiri sekunde chache. Weka ncha za vidole viwili au vitatu kwenye msamba, kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Bonyeza taratibu kuelekea juu, kisha vuta vidole kuja mbele, vipite chini ya korodani hadi kwenye shina la uume. Hapo ndipo ukung'ute. Rudia mara mbili. Kosa la kawaida ni kuanza kukamua kwenye uume wenyewe, huku mabaki yametulia kule kwenye kona.

Hiyo ni ya leo leo. Ya kudumu ni mazoezi ya sakafu ya nyonga, yaani misuli iliyotandazwa chini ya kibofu. Bana kama unayezuia hewa isitoke mbele za watu, na wakati huohuo vuta uume kama unataka kuuingiza ndani. Simama mbele ya kioo bila nguo: ukipatia, shina la uume hurudi ndani kidogo na korodani hupanda. Ukiona makalio yamekaza, mapaja yamebanana au umezuia pumzi, umekosea msuli. Bana ukihesabu hadi 5, legeza ukihesabu hadi 10, fanya hivyo mara 10. Halafu bana na kuachia harakaharaka, mara 10 nyingine. Asubuhi fanya ukiwa umelala, mchana umekaa, jioni umesimama. Ukizoea, ongeza kubana hadi sekunde 10. Matokeo huanza kuonekana kati ya wiki 6 na 12, hivyo usikate tamaa wiki ya tatu. Na kila ukimaliza haja ndogo, bana kwa nguvu mara moja. Msuli huohuo utasukuma mabaki.

Kukatiza mkojo katikati kunafaa mara moja tu, kuutambua msuli. Ukifanya ndilo zoezi la kila siku, unakizoesha kibofu kutomaliza.

SWALI: Baba yangu ana miaka 79, yuko Kibosho. Wiki mbili sasa, tangu aliponunua vidonge vya mafua dukani, nguo yake ya ndani haikauki mchana wala usiku. Anaenda chooni kila saa, anatoa kidogo. Tumfundishe mazoezi ya kubana?

JIBU: Hapana, dada, msimfundishe. Hapo kuna kila dalili kwamba kibofu kimejaa na kinamwagika, kama pipa lililoachwa chini ya bomba. Tezi dume ya kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Uzeeni hukua na kuubana mrija, huku msuli wa kibofu wenyewe ukiwa umepungua nguvu. Vidonge vingi vya mafua huulegeza zaidi msuli huo, na vile vya kuzibua pua huukaza mlango wa juu. Asimeze tena. Mpelekeni hospitali leo, KCMC si mbali na kwenu, hata kama hasikii maumivu; mkojo ukirudi nyuma huharibu figo kimyakimya. Atawekewa mpira wa mkojo na kupimwa tezi dume, figo na sukari. Vidonge alivyokuwa akimeza nendeni navyo, na boksi lake. Miguu ikiwa imeishiwa nguvu, au katikati ya mapaja pamekufa ganzi, mwambieni daktari mara mnapofika mapokezi, maana hiyo ni dharura ya uti wa mgongo.

SWALI: Nina miaka 58, niko Majengo, Moshi. Sivuji, ila usiku naamka mara tatu. Misuli imechoka?

JIBU: Huenda si misuli. Umri ukipanda, homoni inayopunguza mkojo usiku hupungua. Tazama pia miguu jioni: soksi zikiacha alama, maji yaliyoshuka huko mchana hurudi kwenye damu ukilala, figo zikayatoa. Alasiri inua miguu kwa muda wa saa moja. Chai, kahawa na mbege viishe muda wa saa tatu kabla hujaenda kulala. Kama unatumia dawa ya presha ya kukojosha, muulize aliyekuandikia kama unaweza kuinywa asubuhi. Na pima sukari.