Mtoto ana siku 9: tupande ndege au tungoje?

SWALI: Shikamooni. Nimejifungua kwa upasuaji siku 9 zilizopita, mtoto wa kiume, kilo 3.1, mimba ilikuwa na wiki 39. Mama yangu yuko Mwanza, anataka nikalelewe kwake mpaka arobaini. Mume wangu ameshanikatia tiketi ya ndege, tunasafiri mtoto akiwa na siku 12. Wifi yangu anasema kichanga akipanda ndege masikio yanapasuka, afadhali basi. Nifuate lipi?
Mama wa kwanza, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Hongera kwa kujifungua salama. Basi liache. Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000, na kukaa muda wote huo miguu ikining'inia, barabara ikikutikisa mshono, ni adha kubwa kwa mzazi wa upasuaji. Kwa ndege ni saa moja na nusu hivi. Ila hiyo siku ya 12 sisi tungeisogeza mbele kwa wiki moja au mbili, na tunasema hivyo kwa ajili yako kuliko mtoto.

Mtoto wako, kwa maelezo uliyotoa, hatutii wasiwasi. Hewa ndani ya ndege iliyo juu ni nyepesi kama ya mtu aliye mlimani, mita 1,800 hadi 2,400. Njombe mjini ni karibu mita 2,000, na watoto wanazaliwa huko wakakua. Za kuogopa hasa ni saa 48 za kwanza, mapafu yakiwa bado yanajizoesha kazi. Ndiyo maana mashirika mengi ya ndege hayamchukui mtoto kabla ya siku 7, mengine kabla ya siku 14. Lipigieni shirika lenu mapema, msije mkarudishwa mlangoni.

Kwa kawaida masikio hayapasuki, yanauma. Yanauma zaidi ndege ikishuka, kwa sababu presha inapanda na kale kamrija kanakounganisha sikio na koo kanajibana. Kumeza ndiko kunakafungua. Kosa la akina mama wengi ni kumshibisha mtoto kwenye ukumbi wa kusubiria, halafu wakati wa kushuka hataki titi. Mpe kidogo ndege ikipaa, na titi la pili mtunzie mpaka rubani atangaze kuwa mnaanza kushuka, dakika 20 hadi 30 kabla ya kutua. Akiwa usingizini, mguse mdomo kwa chuchu. Wengi hunyonya macho yakiwa yamefumba. Akiwa na mafua ya kuziba pua, ahirisheni safari.

Kuna jambo moja tunakusihi: usimfunge mtoto ndani ya mkanda wako. Ndege ikisimama ghafla, uzito wako wote utamkandamiza yeye. Mhudumu ana mkanda mdogo wa mtoto unaopachikwa kwenye wako; mwombe mara tu unapokaa.

Sasa wewe. Damu ya mzazi huganda upesi kwa wiki 6 baada ya kujifungua, na wiki 3 za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Upasuaji unaongeza hatari, kukaa bila kujongea kunaongeza tena. Bonge la damu likijijenga mguuni linaweza kuchomoka likaziba mapafu, nalo huua. Isitoshe, gesi iliyo tumboni hutanuka angani kwa robo hadi theluthi, na mshono mbichi utaihisi. Kwa hiyo kabla ya safari daktari autazame mshono kwa macho yake, kisha akuandikie barua yenye tarehe ya kujifungua, aina ya uzazi na kwamba nyote wawili mnafaa kusafiri. Mweleze pia kama umewahi kuganda damu, au kwenu yupo aliyewahi. Huenda akakuandikia sindano ya kuzuia.

Usipande ndege, nenda hospitali, kama mguu mmoja umevimba au kigimbi kinauma, kifua kinabana, pedi inalowa chapa ndani ya saa moja, kichwa kinauma huku macho yanaona ukungu, au una homa. Kwa mtoto ni hivyo hivyo: akigoma kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, akiwa na joto la 37.5 au zaidi, au viganja na nyayo vikiwa vya manjano.

Siku yenyewe chukua kiti cha upande wa korido, zungusha vifundo vya miguu kila baada ya dakika chache, kunywa maji. Kunja kanga uiweke kati ya mshono na mkanda. Begi abebe mtu mwingine. Ngazi za kupandia ndege ni ndefu, hivyo ombeni kiti cha magurudumu siku 2 kabla. Beba tangazo la kizazi na kadi ya kliniki, maana wiki ya 6 mtoto atachanjwa huko huko Mwanza.

SWALI: Niko Muscat. Mwanangu alizaliwa wiki ya 34, sasa ana wiki 5. Naweza kwenda naye Zanzibar?

JIBU: Mhesabie kuanzia tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Ukijumlisha na wiki za mimba ndiyo kwanza anafika wiki 39, bado moja kufika 40 za kuzaliwa, na safari yenu inapita saa 5. Kama hakuwahi kuhitaji oksijeni, ngoja angalau wiki moja au mbili baada ya tarehe hiyo. Kama aliwekewa oksijeni au alikuwa akisita kupumua, usikate tiketi kabla daktari wa watoto hajampima. Kipo kipimo cha kumvutisha hewa yenye oksijeni asilimia 15, kama ya ndani ya ndege, huku kifaa mguuni kikisoma oksijeni ya damu. Ikishuka sana, atasafiri na oksijeni au mtangoja. Muda huo utumie kushughulikia pasipoti yake ubalozini, kwa kuwa hatavuka mpaka kwa pasipoti yako.