Kabla ya Kununua Pete ya Tanzanaiti, Uliza Jiwe Lake Huvunjika Vipi

Pete nyingi za tanzanaiti ninazoletewa kutengeneza hapa Mji Mkongwe hazina kasoro yoyote katika dhahabu au fedha yake. Kilichoharibika ni jiwe. Mara nyingi aliyenunua alijitahidi kuchunguza bei, rangi na uhalisi wa kito, lakini hakuna aliyemweleza namna kito hicho kinavyovunjika. Kwa maoni yangu, jambo hilo lilistahili kuelezwa kabla ya bei kutajwa.

Bibi mmoja wa Ng'ambo aliniletea pete ambayo jiwe lake lilikuwa limekatika pembeni baada ya kugonga ukingo wa sinki. Alikuwa na huzuni kubwa, kwa kuwa aliamini kwamba mumewe aliuziwa kioo. "Mwanangu," aliniambia, "jiwe la kweli halivunjiki." Nilipolitazama kwa lenzi, niliona sehemu iliyokatika ni bapa, imenyooka na inarudisha mwangaza vizuri. Kioo hakivunjiki hivyo. Kioo huacha mbonyeo wa duara wenye mistari iliyopinda, kama upande wa ndani wa gamba la chaza. Kwa hiyo mkatiko ule alioufanya kuwa ushahidi wa udanganyifu ndio hasa uliomtetea muuzaji, na nilifurahi kuweza kumwonyesha hayo kwa macho yake mwenyewe.

Tofauti hii inatokana na mpangilio wa atomu ndani ya jiwe. Katika madini mengi atomu zimejipanga kwa safu, na katika baadhi yake kani zinazozishikanisha safu hizo ni dhaifu zaidi upande mmoja kuliko pande nyingine. Jiwe likigongwa, hupasuka kwa kufuata upande huo dhaifu na kuacha uso bapa. Ulanga, yale madini ya tabaka nyembamba zinazong'aa, ni mfano ulio wazi kabisa, kwani huchanika karatasi moja baada ya nyingine. Mfano mwingine tunao jikoni. Chukua punje kubwa ya chumvi ya mawe, kama ile inayokaushwa kwa maji ya bahari kule Pemba, uivunje taratibu na uvitazame vipande vyake kwa lenzi: utaona pembe mraba, kwa sababu chumvi hupasuka katika pande tatu zinazokutana kwa pembe za nyuzi 90. Kioo hakina safu za atomu za kufuatwa, na kwatsi, madini magumu yanayofanana na kioo, inazo, lakini kani zake zinakaribiana nguvu pande zote; ndiyo maana vyote viwili huvunjika kwa ule mbonyeo wa duara. Kwa sababu hiyo mbonyeo peke yake hautoshi kukuambia kama kito ni kioo au ni jiwe la asili. Na ninakusihi usivunje kito chochote kwa ajili ya kukijaribu, maana kovu dogo lililokwisha kuwapo ukingoni linatosha kutazamwa.

Wauzaji wengi humtuliza mteja kwa kumtajia ugumu wa jiwe katika kipimo cha Mohs, kilichoanzishwa na mtaalamu wa madini Friedrich Mohs mwaka 1812, kinachotoka 1 hadi 10. Kipimo hicho hueleza jiwe gani hukwaruza jiwe gani. Hakielezi litastahimili pigo kiasi gani. Almasi imo kwenye 10, nayo ina pande nne za kupasuka. Ndiyo maana almasi ya Cullinan, iliyopatikana Afrika Kusini mwaka 1905 ikiwa na karati 3,106 (karati ni kipimo cha uzito wa vito), iliweza kupasuliwa huko Amsterdam mwaka 1908 na Joseph Asscher kwa kisu cha chuma na pigo lililokadiriwa vizuri. Anayedai kwamba almasi ya kweli huthibitishwa kwa nyundo atakuharibia mali yako.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni akiki. Ugumu wa akiki na wa tanzanaiti haupishani sana, wote ukiwa karibu na 6.5, lakini wazee wetu huvaa pete za akiki maisha yao yote, wakitawadha nazo, wakivua samaki na kulima nazo, na jiwe likabaki zima. Akiki imeundwa kwa chembe ndogo mno za kwatsi zilizosukana, hivyo ufa hauna njia iliyonyooka ya kupita. Tanzanaiti, ambayo inajulikana tangu mwaka 1967 na huchimbwa Mirerani pekee, ina upande mmoja wa kupasuka ulio kamili, na ufa ukianzia hapo hauna kinachouzuia.

Sisemi kwamba tanzanaiti isinunuliwe. Ni kito cha nchi yetu na ninakipenda kuliko vyote ninavyovishika. Nasema ivaliwe mahali panapoifaa. Kwa vipuli na kidani haina neno, kwani shingo na masikio hayagongani na masufuria. Kwa pete ya kila siku, hasa kwa mama anayepika na kufua mwenyewe, mimi humshauri mteja achague spineli ya Mahenge au garneti, ambazo hazina upande wa kupasuka ulio dhahiri. Akishikilia tanzanaiti, basi jiwe lizungushiwe ukingo wa dhahabu badala ya kushikwa kwa vijikucha vinne, yaani vile vijiti vidogo vya pete vinavyokunjwa juu ya jiwe, lisinyanyuke sana juu ya kidole, na pete ivuliwe wakati wa kazi. Isafishwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na brashi nyororo. Mashine za kusafishia kwa mitetemo au kwa mvuke zisiiguse kamwe.

Mafundi wenzangu nawaomba jambo moja: jiwe litolewe kabla ya kulehemu pete, hata kama mteja ana haraka ya harusi, kwa sababu joto la ghafla likifuatiwa na ubaridi hupasua tanzanaiti. Topazi nayo, ambayo ina ugumu wa 8, hupasuka kirahisi upande mmoja, hivyo vijikucha vyake vikunjwe kidogo kidogo kwa zamu, kimoja kisikazwe hadi mwisho wakati vingine bado vimelegea.

Aliyekwisha kuvunjikiwa asitupe vipande. Kipande kikubwa kikiwa hakina ufa ndani, mkata vito anaweza kukichonga upya kwa umbo dogo zaidi, na ile pete ya bibi wa Ng'ambo ilipatiwa jiwe lake lile lile kwa njia hiyo, safari hii likiwa limezungushiwa ukingo.