Simama kwanza langoni: niliyofunzwa na mzee mfugaji

Siku tuliyomzika mzee, ng'ombe walikamuliwa saa kumi na moja alfajiri kama siku nyingine zote. Nilikamua mimi. Wapo waliosema wanyama wangesubiri kidogo, maana ni siku ya msiba. Wangesubiri vipi? Kiwele kikishajaa kimejaa, na ukichelewa sana unamtesa mnyama na kukaribisha ugonjwa wa kiwele. Wewe unayeanza ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, lijue hilo kabla ya kununua hata ndoo. Mzee aliishi hivyo zaidi ya miaka 50 na sikumsikia akiilalamikia kazi, ingawa magoti yake aliyalalamikia sana.

Nilifika kwake kijana, nimetoka masomoni, najiona najua. Wiki nzima ya kwanza hakuniruhusu kumgusa ng'ombe. Kazi yangu ilikuwa kusimama langoni mwa zizi dakika kumi kila asubuhi, kisha nimweleze nilichoona. Siku ya kwanza nikamwambia wametulia. Akauliza: waliolala ni wangapi, na kati yao wangapi wanacheua? Nikabaki kukuna kichwa. Ng'ombe mzima hucheua saa 7 au 8 kwa siku, kwa hiyo ukikuta wengi wamelala na taya hazichezi, lipo jambo: chakula, joto kali, au ugonjwa unaanza. Taratibu nikazoea kuona na mengine, anayeuonea huruma mguu mmoja, anayejitenga, ambaye kinyesi chake kimebadilika. Aliyezaa jana, leo masikio ya baridi na anayumba, huyo usimpe hata saa moja. Huenda ni homa ya maziwa, yaani kalsiamu imepungua kwenye damu, na pamoja na jina lake mwili hauchemki. Muite daktari wa mifugo hapo hapo.

Kwenye joto, yaani ng'ombe anapomtaka dume, ndipo nilipomtia hasara. Ng'ombe ambaye hajashika mimba hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na dalili hupita ndani ya saa chache, mara nyingi usiku watu wamelala. Alfajiri moja nilimwona mmoja ametulia tuli mwenzake akimpanda, ute unaning'inia. Nikasema nikimaliza kukamua nitamwambia mzee, apandishwe jioni. Nilikuja kukumbuka kesho yake usiku. Hakunifokea. Alifungua daftari, akahesabu siku 21 mbele, akanipa kalamu niandike mwenyewe. "Umempa likizo ya wiki tatu," akasema, "na kula atakula kila siku."

Daftari lenyewe lilikuwa chakavu, limeshika harufu ya zizi, lakini kila ng'ombe alikuwa na ukurasa wake: kazaa lini, kapandishwa lini, atakaushwa lini, yaani ataachwa kukamuliwa apumzike kabla ya kuzaa. Mimba ni siku 280 hivi, na mzee alikausha miezi miwili kabla ya kuzaa. Wageni wengi hapo wanaona maziwa yanapotea bure. Mkamue hadi mwisho uone atakachokupa akizaa tena.

Sasa kukamua. Mzee aliamini maziwa hutolewa na ng'ombe, si na mkono, na sayansi iko upande wake. Ukimsafisha chuchu kwa utulivu, mwili wake unaachia homoni ya kushusha maziwa, na nguvu ya homoni hiyo ni ya dakika chache tu. Mtishe, mpige, au piga kelele, maziwa yanabaki juu na hutayapata kwa kuvuta. Kwa hiyo vifaa vyote tayari kwanza, mikono imeoshwa, kila ng'ombe na kitambaa chake. Michirizi ya mwanzo aliikamulia kwenye kikombe cheusi, akakiinamisha kwenye mwanga kutafuta vibonge au majimaji. Mwenye vibonge hukamuliwa wa mwisho, na maziwa yake hayaungani na ya wenzake. Anayetibiwa kwa antibiotiki ni vivyo hivyo, hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa zitimie. Niliwahi kuchanganya, ndoo moja tu ndani ya kopo kubwa. Tulimwaga kopo zima.

Mzee hakuwa sahihi kwa kila kitu, na simfanyii heshima nikificha. Miaka mingi alimzuia ndama kunyonya maziwa ya kwanza hadi kondo la nyuma litoke. Tulibishana sana. Kinga ya ndama iko kwenye dang'a lile, na utumbo wake huifyonza vizuri saa za mwanzo tu. Baada ya siku moja mlango umeshafungwa. Alibadilika baada ya ndama kadhaa kuharisha, tena bila kunikubalia kwa mdomo. Niliona tu siku moja kamshika ndama mwenye unyevunyevu bado, anamwelekeza kwenye chuchu.

Maji nayasema kwa ufupi kwa sababu hayana siri. Kila lita ya maziwa inadai lita 3 hadi 5 za maji ya kunywa. Hori likikauka mchana, utaliona kwenye ndoo ya jioni.

Jambo ambalo bado linanishinda ni mitamba, majike ambao hawajawahi kuzaa. Mzee alianza kuwazoesha miezi miwili kabla ya kuzaa: anampiga brashi, anampapasa tumbo, kisha kiwele, bila kukamua, huku akimsemesha mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Siku ya kwanza ya kukamuliwa, mtamba wake alisimama kama mkongwe. Ninaye mmoja bandani sasa hivi. Kila jioni nampapasa, na kila jioni ananirushia teke. Zimebaki wiki tano.