Majivu kwenye paji, viazi karai mdomoni

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu, siku sisi Wakatoliki tunapoanza Kwaresma kwa kufunga, iliangukia tarehe 5 Machi, Ramadhani ikiwa na siku chache tu tangu ianze. Asubuhi nilipakwa msalaba wa majivu pale mjini, Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, na kabla sijafika kazini picha ya paji langu ilishapanda WhatsApp. Mwalijua joto la Mombasa mwezi wa tatu. Kutwa nilijipangusa jasho kwa ncha ya leso, nikiuzunguka ule msalaba usije ukafutika kabla watu hawajauona.

Na Injili inayosomwa siku hiyo hiyo ni Mathayo 6: ukifunga, nawa uso, watu wasijue!

Mchana nikala wali wa nazi na samaki mpaka nikalegeza mshipi. Kanisa latutaka, sisi wa miaka 18 hadi 59, tule mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo, na nyama tuiache. Nyama sikula. Nikajihesabia haki.

Jioni nikavuka feri kurudi Likoni. Jirani yangu Mwislamu alikuwa barazani akikaanga viazi karai vya kuuza. Tangu daku hakutia kitu kinywani, na moshi wa mafuta wampiga usoni. "Mwanangu, hebu nionjee chumvi." Nikaonja kimoja. Nikaongeza cha pili, cha tatu, na ukwaju juu. Ndipo akaniangalia usoni. "Hiyo ni nini?" Nikamweleza, kwa sauti ya katekista, kwamba leo tumefunga.

"Kumbe nanyi mwafunga?"

Hakuwa na kejeli. Aliuliza tu, huku akigeuza viazi. Ningependa angenikejeli.

Simlaumu anayebaki na majivu yake mpaka usiku. Kanisa ndilo lililompaka. Ushauri wangu ni mdogo: Kwaresma ikija, chagua pia mfungo usiopigika picha. Mimi mwaka ule nilichagua kutomsengenya mwanakwaya mwenzangu mmoja, ambaye nilizoea kumchambua kila baada ya mazoezi. Sikumwambia mtu. Siku ya tatu nikashindwa, na kwa kuwa hakuna aliyejua nilikuwa nimefunga, hapakuwa na wa kumwomba radhi ila Mungu. Sala ya usiku ule ilikuwa fupi, na sikumbuki nyingine niliyoisali vile miaka mingi. Jihadhari lakini: kujificha nako kuna utamu wake. Nilianza kujiona bora kuliko wale wenye picha, na majivuno hayo hayaoshwi kwa sabuni.

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza wiki hiyo hiyo. Nilinawa uso kabla ya kupanda feri. Yule mama jirani akaniita nimwonjee chumvi.

"Leo siwezi, mama."

Akanitazama kidogo, kisha akamwita mjukuu wake.