Ni "falme ya Kilwa" au "ufalme wa Kilwa"? Na Wamakonde walikuwa na chifu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha historia sekondari hapa Newala. Tuliwapeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani, na sasa wanaandaa mabango matatu ya ukutani: la Kilwa, la wazee wetu wa Kimakonde, na la Machemba, mtawala wa zamani aliyewapinga Wajerumani. La kwanza waliliandika "Falme ya Kilwa". Mwenzangu wa Kiswahili akafuta, akaandika "Himaya ya Kilwa". Aliyetutembeza kisiwani alikuwa akisema "Usultani". La pili wameandika "Machifu wa Wamakonde", na mzee mmoja aliyekuja kumchukua mjukuu wake akalisoma, akasema, "Sisi chifu hatukuwa naye." Tuandikeje?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Umegusa jambo ninalolipenda sana, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Tuanze na lililo jepesi. "Falme ya Kilwa" ni kosa. Umoja ni ufalme, wingi ni falme, kama ukuta na kuta, ufunguo na funguo, wimbo na nyimbo. Tunasema "ufalme huu wa Kilwa ulistawi", na "falme hizi za pwani zilistawi". Kosa hili lina ndugu zake: redioni kila siku utasikia "nyimbo hii", na mafundi wetu wa ujenzi husema "kuta hii imepinda". Kwa falme nadhani kuna sababu ya ziada. Wengi wamelizoea neno hilo katika jina la Umoja wa Falme za Kiarabu, na kwa kuwa wanaiona ile kuwa nchi moja, wanachukulia kwamba falme ni umoja. Kule falme ni saba, Dubai ikiwa mojawapo, ndiyo maana ikawa "falme za". Kilwa ilikuwa ufalme mmoja.

Mfalme lenyewe ni neno la Kibantu, na la zamani. Katika tungo za kale na lahaja za kaskazini utalikuta kama mfaume. Huku kusini hatusemi mfaume tukimtaja mtawala, lakini watoto tunawapa jina hilo. Fungua daftari lako la mahudhurio. Sitashangaa ukimkuta Mfaume mmoja ameketi nyuma ya darasa.

Ugumu unaanzia kwenye himaya, na hapo sikubaliani na mwenzako, ingawa naelewa alikolitoa. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni ulinzi, hifadhi. Aliye chini ya himaya yako ni mtu unayemkinga. Zanzibar ilipowekwa chini ya Uingereza mwaka 1890 ilisemwa kuwa iko chini ya himaya ya Uingereza: sultani alibaki kwenye kiti chake, lakini neno la mwisho likawa la anayemlinda. Siku hizi waandishi wanalitumia kwa maana ya dola kubwa lenye nchi nyingi chini yake, kama "himaya ya Roma". Matumizi hayo yameenea na siwezi kuyaita kosa. Kwenye bango la historia, hata hivyo, mwanafunzi anayezijua maana zote mbili atauliza: Kilwa ililindwa na nani? Mkitaka kuonyesha kwamba nguvu ya Kilwa ilivuka kisiwa, ikafika Mafia na hadi Sofala, pwani ya Msumbiji, kwenye biashara ya dhahabu, tumieni dola. Dola ni mamlaka yenyewe, pamoja na mkono wake. Ndiyo maana tunasema "vyombo vya dola".

Lakini aliyewatembeza kisiwani alisema sawasawa kuliko sisi sote. Kwa Kilwa, neno lililo karibu zaidi na wenyewe ni sultani. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika pale mwaka 1331 na akamwandika mtawala kuwa ni sultani: Hassan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Kisa alichokisimulia kinafaa sana kusomewa watoto. Siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fukara mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakamsifu. Mwanawe akazichukua zile nguo kwa fukara na kumlipa watumwa kumi. Sultani alipoona jinsi watu walivyofurahi, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Somo la watumwa lipo humo humo ndani ya kisa cha ukarimu. Msiliruke. Mtoto wa kusini ana haki ya kujua kwamba mji uliojenga Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa ulikuwa pia mji ambao binadamu alitolewa zawadi pamoja na pembe.

Na kwa kuwa nimeitaja Husuni Kubwa: waonyesheni wanafunzi kwamba majina ya pale kisiwani ni kamusi inayotembelewa kwa miguu. Husuni ni ngome, kutoka Kiarabu. Gereza, lile jengo linalokupokea ukishuka kwenye mashua, linatokana na neno la Kireno la kanisa. Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505, wakajenga ngome yao, na neno lao la mahali pa ibada likaishia kuwa kwetu neno la mahali pa kufungia watu. Jengo lilipo sasa kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani, lakini jina halikuondoka.

Niliwahi kuwekewa mkononi sarafu ya Kilwa. Ni shaba nyembamba, ukubwa wa kifungo cha koti, kingo zimelika, na ukiigeuza kwenye mwanga unaona maandishi ya Kiarabu pande zote mbili. Upande mmoja ni jina la mtawala, upande wa pili ni maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo zina kina kimoja, kama mshororo wa shairi uliokatwa katikati. Sarafu ya huyo huyo Hassan bin Sulaiman imeokotwa mpaka Zimbabwe Kuu. Mimi ni mtu wa lugha, si mtu wa kuchimba magofu, lakini nilisimama kidogo nikifikiria mtu aliyekaa kutafuta neno lenye kina kimoja na jina la sultani ili ligongwe kwenye shaba.

Sasa bango la pili. Yule mzee amesema kweli, na ningependa mumwombe arudi. Wamakonde hawakuwa na mfalme mmoja wala chifu mmoja wa uwanda wote wa Makonde. Kila makazi yalikuwa na mkubwa wake. Neno mnalolisikia kwa wazee ni mkulungwa, lenye ile -kulungwa ya "kubwa", inayojulikana pia kwa Wayao. Ukiandika "Machifu wa Wamakonde" unamvika mkulungwa kofia ambayo hakuivaa. Chifu ni neno la Kiingereza lililotandazwa na utawala wa Waingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati walipotaka kila kabila liwe na mkuu wake wa kupitishia amri na kodi. Likakusanya chini yake watu wasiofanana: mtemi wa Wasukuma na Wanyamwezi, mangi wa Wachaga, mkama wa Wahaya, mwami wa Waha, na mfalme wa Wasambaa aliyesalimiwa Simba Mwene. Mwene huyo ni ndugu wa mwenye ya Kiswahili: mwenye nchi. Ni yule yule tunayemsikia katika Mwene Mutapa, cheo cha mtawala wa bara kule dhahabu ya Sofala ilikotoka. Lugha zetu zilikuwa zinasemezana kuhusu utawala zamani sana kabla ya "chifu" kushuka bandarini. Sheria iliyowaondolea machifu mamlaka ya serikali ilipitishwa mwaka 1963, lakini neno limebaki vitabuni likiendelea kufanya kazi yake ya kusawazisha.

Mfano ulio wazi kabisa ni Mkwawa. Wahehe walimwita mtwa. Wajerumani, waliozoea kumwita kila mtawala wa bara sultani, walimwita hivyo. Hata Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 unataja fuvu la "Sultani Mkwawa" litakalorudishwa. Fuvu liliporudi Kalenga mwaka 1954 tulikuwa tumeshazoea "Chifu Mkwawa". Mtu mmoja, vyeo vitatu, na ni kimoja tu alichopewa na watu wake.

Kwa hiyo la pili liandikwe "Wakulungwa wa Wamakonde". Chini yake wanafunzi waeleze kwa sentensi mbili mkulungwa alikuwa nani, kwa maneno ya yule mzee. Akitamka nkulungwa, liandikeni alivyolitamka.

La Machemba mmeniachia bila kuniuliza, lakini nahisi mtaandika "Chifu Machemba", kwa hiyo nitasema. Alikuwa Myao aliyetawala huko huko kwenu, kwenye uwanda wa Makonde. Mwaka 1890 Wissmann, mkuu wa majeshi ya Wajerumani, alimtaka aende kwake kutii. Machemba akamjibu kwa barua, na barua ile iliandikwa kwa Kiswahili. Alisema haoni sababu ya kumtii. Kama ni biashara au urafiki, yuko tayari. Kuwa mtu wake, hapana. Akaongeza kwamba yeye ni sultani katika nchi yake, na Wissmann ni sultani kule kwake. Aliendelea kuwasumbua Wajerumani hadi mwaka 1899, alipovuka kuingia Msumbiji.

Hapo msikae mkibishana kama mtawala wa Kiyao aweza kuitwa sultani. Wakati ule Kiswahili cha biashara kilikuwa kimelibeba neno hilo kutoka pwani mpaka bara, likiwa na maana ya mtawala asiye chini ya mtu, na yeye alilichagua akijua linasomwa na nani. Liandikeni kwa herufi kubwa, mbele ya jina: Sultani Machemba.